Kukaa kwa Nfumu

Rafiki yangu anayesoma Ujerumani alinitumia tangazo usiku wa manane. Alijua kwamba siku hizo silali. Lilikuwa tangazo la kambi ya uponyaji huko Peru, kwenye bonde moja la milima ya Andes karibu na mji wa Cusco. Siku saba, chakula kisicho na chumvi, kikombe cha dawa ya mmea usiku, nyimbo na ngoma kuzunguka moto, na mzee wa Kihindi wa kule akipuliza moshi. Bei iliandikwa kwa dola. Nilipiga hesabu nikakuta ni mshahara wangu wa miezi sita, nauli ya ndege bado.

Ilikuwa Julai 2025. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na tangu arobaini yake nilikuwa naamka saa nane kila usiku na kusikiliza mabasi ya Shinyanga yakipita Buhongwa hadi alfajiri. Hospitali walinipa vidonge. Mama mdogo alinipeleka kwenye maombi. Vyote vilisaidia kidogo, kisha usingizi ukakata tena.

Asubuhi nilimkuta bibi barazani akikata viazi vya michembe. Nilimsalimu mwangaluka, akaitikia, nikamwonyesha picha za simu. Niliona kama kichekesho: Wazungu wamekaa duara, wamejifunga mablanketi, wanasubiri kikombe.

"Wanalala hukohuko?" aliuliza.

"Ndiyo, bibi. Siku saba."

"Siku saba?" Alirudi kwenye viazi vyake. "Siku saba mgonjwa hajawazoea hata mbwa wa pale."

Hivyo ndivyo nilivyojua, nikiwa na miaka ishirini na saba, kwamba bibi yangu aliwahi kuishi miezi mitano kwa mganga.

*

Niliisoma kwanza habari ya Peru, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi. Matangazo ya kambi hizi huchanganya vitu viwili. Ayahuasca ni dawa ya msitu wa Amazon, huko chini kwenye mito mikubwa. Mlimani wana dungusi linaloitwa San Pedro, yaani Mtakatifu Petro, mshika funguo za mbinguni. Jina hilo lilikuja na Wahispania, lakini dungusi lenyewe ni la zamani zaidi. Kwenye hekalu la Chavín de Huántar kuna mchongo wa jiwe wa kiumbe aliyelishika mkononi, na mchongo huo una zaidi ya miaka 2,500. Katika karne ya 17 mapadre wa Kihispania walizunguka vijiji vya Andes wakichoma vifaa vya waganga na kuwachapa viboko. Mwaka 2008 serikali ya Peru ikatangaza kwamba maarifa na matumizi ya jadi ya ayahuasca ni urithi wa taifa. Leo watalii wanapanda ndege kuifuata.

Kwa hiyo jambo moja lilipitia hatua tatu: dini ya wenyeji, kosa la kuchapwa, kisha bidhaa. Nilianza kujiuliza sisi tumefika hatua ipi. Nikamrudia bibi.

*

Bibi aliolewa upande wa Misungwi akiwa na miaka kumi na sita. Kufikia 1966 alikuwa amezika watoto wawili, wa kwanza kwa homa, wa pili bila ugonjwa wa kuonekana. Alipoteza maziwa, akapoteza maneno. Alikuwa akienda kuchota maji anakaa kisimani mpaka watu wanamfuata. Ukoo wa mumewe ukaamua apelekwe kwa nfumu. Ndivyo Wasukuma tunavyomwita mganga, na wakiwa wengi ni bafumu. Huyo alikaa mbali, upande wa Ngudu. Walitembea siku mbili.

Nilitegemea anisimulie dawa. Alisimulia mji.

Ulikuwa mji mkubwa kuliko wa mtemi aliyemjua, alisema, na nyumba za wagonjwa zilizidi nyumba za wenyewe. Palikuwa na vijumba vidogo vya masamva, yaani wahenga, ambavyo hakuna aliyeingia akiwa amevaa viatu. Palikuwa na kijana aliyeletwa amefungwa kamba, ambaye baada ya mwezi ndiye alikuwa akichunga mbuzi. Palikuwa na mwanamke kutoka Meatu ambaye naye alizika watoto. Walipewa kitanda kimoja.

Asubuhi walilima shamba la nfumu. Mchana walitwanga mizizi. Jioni walikunywa bugota, dawa, chungu kama sababu yake. Usiku fulani zilipigwa ngoma mpaka kukacha, na mtu aliyepandwa na pepo wa ukoo wake aliachwa aseme. Hakuna aliyelipa siku ya kufika. Ukipona, ndugu zako walileta ng'ombe.

"Dawa gani ilikuponya?" nilimuuliza.

"Sijui kama ni dawa. Nilikaa."

Neno hilo alilirudia mara nyingi. Yule wa Meatu hakuwahi kumwambia anyamaze. Nfumu hakuwahi kumwambia amwachie Mungu. Kila usiku aliulizwa majina ya watoto wake, na kila usiku aliyataja. Nyumbani yalikuwa yamekatazwa.

*

Ukitaka kuona mabaki ya ulimwengu huo bila kutembea siku mbili, panda daladala Buhongwa mpaka Igoma, kisha nyingine mpaka Kisesa, halafu panda kilima kwa miguu. Pale Bujora ndipo Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la White Fathers, alipoanza katika miaka ya 1950 kukusanya ngoma, viti vya watemi na vifaa vya waganga. Ndipo lilipozaliwa Jumba la Makumbusho la Wasukuma. Nilikwenda Jumamosi moja. Kwenye banda la ngoma nilikumbushwa habari ambayo kila Msukuma huisikia utotoni bila kuitilia maanani: Bagika na Bagalu, vyama viwili vikubwa vya ngoma Usukumani, vilianzishwa na waganga.

Ngika na Gumha walikuwa waganga wa karne ya 19 waliobishana dawa ya nani ina nguvu zaidi. Wakapatana kushindana kwa ngoma. Wote wacheze siku moja, mahali pamoja, na yule atakayevuta watu wengi ndiye mwenye dawa. Mashindano hayo yanaendelea hadi leo kila msimu wa mavuno, na wachezaji bado wanatafuta dawa ya kuvuta watu. Nilisimama pale nikifikiri: wazee hawa waliipima dawa kwa idadi ya watu waliokusanyika.

Na hilo la kukusanyika ndilo lililowaogopesha watawala. Kusini, mwaka 1904 na 1905, watu walisafiri kwa maelfu kwenda Ngarambe kuchukua maji kwa Kinjikitile Ngwale. Yeye alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, lakini watu walikwisha kurudi makwao na maji na kiapo, na vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza. Baada ya hapo hakuna serikali iliyotazama foleni kwa mganga kama jambo la afya tu.

Waingereza walipokuja walitunga Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928. Ilifanya kuwa kosa kudai una nguvu za uchawi, na kuwa na vifaa vyake. Ilikuwa na kifungu kingine ambacho sikukitegemea. Mkuu wa wilaya aliweza kumwamuru mtu anayeshukiwa uchawi ahame akaishi mahali atakapopangiwa. Serikali haikuamini uchawi, lakini iliweza kumhamisha mchawi. Sheria hiyo ilivuka uhuru ikabaki katika vitabu vyetu.

Wengine kati ya hao Waingereza waliandika kwa makini. Hans Cory, mtu wa Austria aliyefanya kazi kwa serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1955 makala juu ya Buswezi, chama cha watu wanaopandwa na pepo, ambacho aliyeingia alizaliwa upya kwa jina jingine. Niliisoma nikijaribu kumweka bibi ndani yake. Haikuwa kazi ngumu. Kilichokosekana ni kile alichoniambia bibi wiki iliyofuata.

*

Nilikuwa nimeanza kuupenda ule mji wa Ngudu. Nilikuwa hata nimeanza kuandika kichwani makala ya kuwaambia marafiki zangu kwamba hatuhitaji Peru, kwamba sisi tulikuwa na bora zaidi na hatukulipishwa dola. Nilimsomea bibi aya mbili. Alisikiliza, akaniambia nizime simu.

"Hujaniuliza jina," alisema.

"Jina gani?"

Kabla ya kuruhusiwa kukaa, mgonjwa huaguliwa. Bibi alitemea mate mdomoni mwa kuku mchanga, kuku akapasuliwa asubuhi, na nfumu akasoma ndani yake mbele ya mumewe na baba mkwe. Alisoma barabara, alama na madoa. Alisema ugonjwa haukutoka kwa masamva. Umetoka nyumbani, kwa mwanamke, upande wa mume, aliye na wivu wa uzazi. Hakutaja mtu. Hakuwa na haja ya kutaja. Babu alikuwa na dada mmoja tu, aliyeachika na kurudi kwa wazazi wake bila mtoto.

Huyo ndiye wifi aliyekuwa akimfuata bibi kisimani.

Bibi alipoanza miezi yake mitano ya kulima, kutwanga na kutaja majina, wifi yake alikuwa tayari anatengwa. Hakuna aliyekula chakula chake. Usiku mmoja walimchomea paa. Alitoka na chungu na kitambaa, akavuka ziwa kwenda upande wa Sengerema. Bibi aliporudi akiwa mzima, mwenye maneno, mwenye kilo, alikuta kiwanja kimelimwa viazi.

"Nilijifungua baba yako mwaka wa pili yake," alisema. "Kila mtu akaona nfumu alisema kweli."

"Na wewe uliona hivyo?"

Hakujibu. Alinyanyua ungo, akauhamishia kwenye jua.

*

Wifi yake alibahatika kutoka hai. Tume iliyoundwa kuchunguza mauaji ya wanaodaiwa wachawi iliripoti mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba kati ya 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma hizo. Wanawake walikuwa 2,286. Zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokea Usukumani. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeyachunguza mauaji hayo kwa miaka mingi, ni mmoja wa waliotufanya tuweze kuyasoma kama historia na si kama uvumi wa kijijini. Wengi wa waliouawa walikuwa vikongwe, na macho mekundu yalitosha kuwa ushahidi. Macho hayo yaliwekundishwa na moshi wa kupikia kwa miaka hamsini.

Halafu ikaja zamu ya watu wenye ualbino. Kuanzia 2007 mauaji yao yalitikisa Kanda ya Ziwa, na nyuma yake walikuwepo watu waliojiita waganga, waliouza viungo vya binadamu kama dawa ya utajiri. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wote wa jadi. Marufuku haikudumu. Januari 2015 serikali ikatangaza marufuku nyingine. Kati ya matangazo hayo na baada yake, watu waliendelea kwenda kwa waganga, kwa sababu zilezile zilizompeleka bibi.

Si kwamba nchi haikujaribu kutenganisha. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili, ambacho baadaye kilikuwa taasisi kamili. Mwaka 2002 ikapitishwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na mganga sasa anasajiliwa na Baraza. Lakini maabara hupima jani. Hakuna kipimo cha kitanda cha watu wawili waliozika watoto. Na cheti cha usajili hakisemi mganga huyo akipasua kuku humwangalia nani.

Mwaka 2011 tuliona jaribio la ajabu la kutenganisha vitu hivyo bila mtu kukusudia. Nilikuwa shule ya msingi, na hata Buhongwa magari yalikuwa yakikodishwa kwenda Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akitoa kikombe kimoja cha maji ya mizizi ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Mawaziri walikunywa, wabeba mizigo walikunywa. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na wapo waliofia njiani na kwenye foleni wakisubiri. Serikali ilisema dawa haina sumu, ikawasihi watu wasiache dawa zao za hospitali. Dai la kuponya maradhi makubwa halikuthibitishwa. Mwasapile alifariki mwaka 2021, na kikombe kikabaki kuwa mzaha.

Mimi pia nilikicheka. Lakini safari hii nilikumbuka jambo moja: yule mzee hakumnyooshea mtu kidole. Kikombe chake hakikuwa na jina ndani yake. Mamia ya maelfu walikwenda, wakanywa, wakarudi, na hakuna wifi aliyechomewa paa kwa sababu ya kikombe kile. Kwa upande mwingine, hakuna aliyekaa pia. Ulikunywa bila kushuka kwenye gari, dereva akageuza.

*

Nilimweleza bibi haya yote, kwa namna ambayo mtu aliyesoma humweleza bibi yake. Nilimwambia nadhani nyumba ile ya Ngudu ilikuwa na milango miwili. Wa kwanza ni wa kukaa, wa pili ni wa kutaja mtu. Nilimwambia sheria za wakoloni zilifunga yote kwa pamoja, matangazo ya Peru yanauza wa kwanza kana kwamba wa pili haukuwahi kuwepo popote, na sisi vijana tunaotetea asili yetu mtandaoni tunafanya kama wauzaji wale.

"Mimi nilipita yote miwili," alisema bibi.

Kisha akaniuliza lile daraja kama kweli limeisha.

Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa limefunguliwa Juni, kilomita tatu juu ya maji. Kutoka Buhongwa ni kufuata barabara hadi Usagara kisha kukata kulia. Miaka yote watu walivuka pale kwa kivuko, na foleni yake ilitosha kumfanya mtu aahirishe. Bibi alikuwa ameahirisha kwa miaka hamsini na tisa.

Alikuwa anajua kijiji. Alikuwa amekijua muda wote, kupitia mchuuzi wa dagaa, kupitia msiba mmoja, kupitia mtu aliyesema nimemwona fulani. Alijua kwamba wifi yake aliolewa tena kule na akazaa. Huko ng'ambo, ambako hakuna kuku aliyepasuliwa juu yake, alizaa watoto wanne.

Tulikwenda Jumapili ya mwezi wa Agosti. Bibi alivaa kitenge cha sherehe akabeba michembe ya kilo tano mapajani, akikataa isiwekwe kwenye buti. Juu ya daraja alishika mkono wa kiti cha mbele na hakusema kitu. Tulivuka kwa dakika chache.

Wifi yake alikuwa amekwisha kufa, mwaka 2013. Tulipokelewa na binti yake wa pili, mama wa miaka hamsini na kitu, mwalimu, ambaye alimtazama bibi kwa muda mrefu mlangoni kabla ya kusema karibu. Alijua sisi ni nani. Mama yake alikuwa amemsimulia.

Bibi hakuingia ndani. Alipiga magoti pale uani, mwanamke wa miaka sabini na tisa, jambo ambalo mdogo hapaswi kufanyiwa na mkubwa, na yule mama akaruka kumwinua akisema hapana, shangazi, usifanye hivyo. Bibi alikataa kuinuka. Akataja majina ya wanawe wawili waliokufa. Kisha akataja jina la wifi yake, akasema: "Alikuwa akinifuata kisimani. Nilijua hakuwa yeye, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nataka kupona."

Yule mama alikaa chini kwenye vumbi karibu naye. Hakusema amesamehe. Aliuliza watoto wale walikufa wakiwa na umri gani. Bibi akamwambia, na mazungumzo yakaendelea kutoka hapo, mpaka mtu akaleta mkeka, mpaka chai ikaletwa, mpaka jua likashuka na dereva wetu akaanza kupiga honi barabarani.

"Mwambie aende," alisema yule mama. "Mtalala."

Bibi alinitazama. Nilitoka nikamwambia dereva aje kesho. Aliuliza saa ngapi, nikamwambia tutampigia.

Usiku ule walilaza bibi chumba kimoja na mwenyeji wetu, na mimi sebuleni. Saa nane niliamka kama kawaida. Kupitia ukutani nilisikia bado wanazungumza, polepole, Kisukuma cha zamani ambacho nusu yake sikielewi. Nilisikia jina la baba yangu. Yule mama alikuwa anauliza alikuwa mtu wa namna gani, na bibi alikuwa anamwambia.